Kupatwa kwa jua na misiba ya Beni na Butembo: anga ilitangaza nini?

Butembo, Kivu ya Kaskazini – Jumapili tarehe 3 Novemba 2013, baada ya saa kumi za alasiri, mwanga ulipungua juu ya Beni, Butembo, Lubero na vijiji vya bonde la Semliki. Mwezi ulikuwa ukipita mbele ya jua na kulifunika sehemu kubwa. Ng'ambo ya mpaka, kule Pakwach kaskazini mwa Uganda, jua lilifunikwa lote kwa sekunde chache, na watu walikuwa wamesafiri kutoka nchi za mbali ili wajionee.

Siku hiyohiyo, kusini mwa jimbo, waasi wa M23 walikuwa wamebaki na vilima vichache katika teritware ya Rutshuru. Kiongozi wao wa kisiasa, Bertrand Bisimwa, alitangaza kusimamisha mapigano. Siku mbili baadaye, tarehe 5 Novemba, M23 ikatangaza mwisho wa uasi wake. Wakaaji wa Kivu walishangilia. Furaha haikudumu: tarehe 2 Januari 2014, Kanali Mamadou Ndala, kamanda ambaye jina lake lilikuwa midomoni mwa kila mtu baada ya ushindi ule, aliuawa katika shambulio la kuvizia huko Ngadi, karibu na mji wa Beni. Oktoba ya mwaka huohuo mauaji ya raia yakaanza kwa mfululizo katika eneo la Beni, na Ngadi ileile ikawa miongoni mwa mahali pa kwanza kumwagika damu.

Ukizipanga tarehe hizo kwenye mstari mmoja, moyo haukai kimya. Jua linapatwa, vita vinakwisha, shujaa anauawa, raia wanachinjwa. Je, jua lilikuwa likitangaza jambo? Swali hilo ni la zamani sana duniani, na mtu wa Beni hana sababu ya kuona haya kuliuliza. Lakini historia, ya mbali na ya hapa nyumbani, ina jibu lake, na jibu hilo linagusa mambo mazito kuliko nyota.

Neno lenyewe

Kiswahili kina namna yake ya kulitaja jambo hili. Jua "limepatwa", kama vile mtu anavyopatwa na ugonjwa, na ajali au na msiba. Anayesema hivyo amekwisha kulifanya jua kuwa mgonjwa, na ugonjwa wa mkubwa kama jua huwatia hofu wadogo wote walio chini yake. Waliosoma kwa Kifaransa husema "eklipsi", na neno hilo halina uzito wa namna hiyo.

Lugha yetu pia ina maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Falaki ni elimu ya kuhesabu mwendo wa jua, mwezi na nyota. Unajimu ni kusoma ndani ya mwendo huo bahati na mikosi ya wanadamu. Kwa karne nyingi kazi hizo mbili zilifanywa na mtu mmoja: aliyejua kuhesabu siku ya kupatwa ndiye aliyeulizwa maana yake. Hesabu yake ilipotimia, watu waliamini kwamba maana aliyoitoa nayo ilikuwa kweli. Hapo ndipo nguvu ya unajimu ilipotoka.

Mfalme wa badala

Waliotangulia kuandika mambo haya kwa utaratibu ni watu wa Babeli na Ashuru, katika nchi ambayo leo ni Iraki. Waliandika kupatwa kwa jua na mwezi kwenye vibao vya udongo kwa mamia ya miaka, na kila tukio waliliwekea tafsiri: mfalme wa upande fulani atakufa, mavuno yatapungua, adui atashambulia.

Katika karne ya 7 kabla ya Kristo, wakati wa mfalme Esarhaddon, ishara mbaya ya kupatwa ilipotabiri kifo cha mfalme, washauri wake walitumia dawa ya ajabu. Walimtafuta mtu mwingine, mara nyingi mtu asiye na cheo, wakamvika mavazi ya kifalme na kumketisha kwenye kiti cha enzi. Mfalme wa kweli alijificha kwa muda uliowekwa, ambao ungeweza kufika siku 100. Muda ulipokwisha, yule wa badala aliuawa, na ikasemwa kwamba utabiri umetimia.

Kisa hiki kinafaa kukumbukwa. Mtu yule hakuuawa na jua wala mwezi. Aliuawa na watu walioamini kwamba ni lazima mtu fulani afe kwa sababu ya ishara, kisha wakamchagua asiye na mtetezi.

Watu wa Babeli waligundua pia jambo la kudumu. Waliona kwamba kupatwa hurudi kwa zamu, baada ya miaka 18 na siku 10 au 11 hivi. Kwa sababu zamu hiyo ina saa 8 za ziada, kivuli hakirudi mahali palepale, kwa kuwa dunia huwa imezunguka theluthi moja zaidi. Kupatwa kwa 3 Novemba 2013 kuna ndugu yake aliyetangulia: tarehe 24 Oktoba 1995, na kivuli cha siku hiyo kilipita Iran, India na nchi za kusini-mashariki mwa Asia. Ndugu anayefuata ni wa 14 Novemba 2031, katika bahari ya Pasifiki. Ni ukoo mmoja, wenye hesabu moja. Kama jua la 2013 lilikuwa na ujumbe kwa ajili ya Rutshuru na Beni, basi ukoo huo umebeba ujumbe mwingine kwa kila nchi uliyopitia, na bado unaelekea kwenye maji matupu.

Kanuni ya Ptolemy

Aliyeipa elimu ya unajimu umbo lililofika Ulaya, Uarabuni na baadaye pwani ya Waswahili ni Ptolemy, mtaalamu aliyeishi Aleksandria, Misri, katika karne ya 2. Katika kitabu chake cha unajimu aliweka kanuni: kila saa ambayo jua limepatwa huleta mwaka mmoja wa matokeo, na kila saa ambayo mwezi umepatwa huleta mwezi mmoja. Nchi zinazoguswa hutambuliwa kwa burji ambamo kupatwa kumetokea.

Tuijaribu kanuni hiyo hapa. Kupatwa kwa Novemba 2013 kulichukua zaidi ya saa mbili, kwa hiyo matokeo yake yalipaswa kudumu zaidi ya miaka miwili. Ndani ya muda huo M23 ilishindwa, Mamadou Ndala aliuawa, na mauaji ya Beni yalianza. Mnajimu ataongeza kwamba jua lilikuwa katika burji ya Akrabu, yaani Nge, ambayo kwao ni burji ya kifo na mambo ya siri. Kila kitu kinaonekana kulingana.

Sasa ihamishe kanuni hiyohiyo kwenye mwaka wowote mwingine. Mwaka 1996 kulikuwa na vita vya AFDL. Mwaka 1998 vikaanza vita vya pili, na nchi ikagawanyika vipande. Mwaka 2008 ilikuwa CNDP, 2012 M23, 2014 mauaji ya Beni, 2018 Ebola, 2021 hali ya dharura ya kijeshi na kurudi kwa M23. Chagua siku yoyote ya miaka 30 iliyopita, hesabu miaka miwili au mitatu mbele, na hutakosa msiba mkubwa katika Kivu ya Kaskazini. Katika nchi isiyokosa msiba, ishara yoyote hupata msiba wake. Kanuni inayolingana na kila kitu haijatabiri kitu.

Kuna na kasoro nyingine ambayo wanajimu huipitia kimyakimya. Burji za Ptolemy ziliwekwa karibu miaka 2,000 iliyopita, na tangu wakati huo mhimili wa dunia umeyumba polepole kiasi cha kuzisogeza. Tarehe 3 Novemba 2013 nyota zilizokuwa nyuma ya jua hazikuwa za Nge. Zilikuwa za Mizani.

Biharwe: jua lililookoa ng'ombe

Masimulizi makubwa ya kupatwa kwa jua katika eneo la Maziwa Makuu yanatoka Ankole, Uganda, na yanahusu ufalme ambao Wanande wengi huutaja wanapoeleza asili yao. Mapokeo ya Bayira, yaani Wanande wa upande huu na Wakonzo wa upande wa pili wa Rwenzori, husimulia kwamba mababu walitoka Kitara, wakavuka Semliki na kupanda milima ya Mitumba.

Inasimuliwa kwamba mfalme Olimi wa Bunyoro-Kitara alifanya vita vya kuteka ng'ombe upande wa Nkore, wakati wa mfalme Ntare. Jeshi lake lilipokuwa kwenye kilima cha Biharwe, karibu na mahali ulipo mji wa Mbarara leo, giza liliingia mchana. Askari wa Olimi waliona kwamba jua limeanguka. Walikimbia na kuacha mifugo nyuma, na watu wa Nkore wakaichukua. Masimulizi yana namna mbalimbali, lakini yote yanakubaliana kwamba siku ile jua lilibadili mwisho wa vita. Siku hizi kuna mnara wa kumbukumbu pale Biharwe, kando ya barabara kuu.

Wanahistoria walipendezwa sana na kisa hiki kwa sababu ya falaki. Kwa kuwa mwendo wa mwezi unaweza kuhesabiwa kurudi nyuma, wengi walikihusisha na kupatwa kwa tarehe 17 Aprili 1520, na kwa tarehe hiyo wakajaribu kupanga miaka ya wafalme wa Bunyoro, Nkore na Rwanda. Wengine walipinga na kupendekeza kupatwa kwingine kwa karne ya 15. Mjadala huo haukufungwa.

Fundisho la Biharwe liko kwenye maana. Jua lilikuwa moja, giza lilikuwa moja, na dakika zilikuwa zilezile. Kwa Olimi ilikuwa ishara ya hasira. Kwa Ntare ilikuwa baraka yenye pembe na maziwa. Maana ilitegemea uko upande gani wa kilima.

Mwami, mvua na lawama

Katika milima ya Beni na Lubero, anga ilihusu pia utawala. Mwanahistoria Randall Packard, katika kitabu chake cha 1981 kuhusu Bashu, ameeleza jinsi mwami alivyohesabiwa kuwa mtunza uhusiano kati ya watu na nguvu za asili. Mvua ikinyesha kwa wakati wake, utawala ni mzuri. Ukame na njaa vikiingia, watu waliuliza mwami amekosea nini, au nani mwingine anastahili nafasi yake.

Imani hiyo ilikuwa na faida moja ambayo unajimu hauna: ilimtafuta mwenye wajibu hapa duniani. Anga ilipoharibika, watu hawakuishia kuangalia juu. Walimgeukia aliyepewa mamlaka, wakamdai ibada, ushauri na hesabu ya utawala wake. Hata hivyo ilikuwa na hatari ileile ya Ashuru, kwa maana mwaka mbaya wa mvua ungeweza kutumiwa na wapinzani kumwangusha kiongozi asiye na kosa. Waliojua siasa walijua kuitumia anga.

Sikukuu ya uhuru iliyofunikwa

Miongoni mwa tarehe zote, hakuna inayomfaa mnajimu kama 30 Juni 1973. Siku hiyo Zaire ilitimiza miaka 13 ya uhuru, na siku hiyo mwezi ulipita mbele ya jua. Kivuli kizima kilipita Mauritania, Mali, Niger, Chad, Afrika ya Kati na Sudan, kisha kikagusa kaskazini mwa Uganda na ziwa Turkana, Kenya. Huku Beni na Butembo jua lilifunikwa kwa sehemu. Wataalamu kadhaa walilifuata giza lile wakiwa ndani ya ndege ya Concorde iliyoruka kutoka Las Palmas hadi Chad, na walikaa ndani ya kivuli kwa dakika 74, muda ambao mtu aliyesimama ardhini hawezi kuupata.

Miezi mitano baadaye, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza hatua za "zairianisation". Biashara na mashamba ya wageni yalichukuliwa na kugawiwa raia wa Zaire, na katika sehemu nyingi za nchi maduka yaliishiwa bidhaa na mashamba yakaachwa. Mnajimu atasema: jua la uhuru lilifunikwa, na uchumi ukafunikwa nyuma yake.

Lakini Butembo ilikuwa na habari yake. Wafanyabiashara Wanande, waliokuwa wameanza na maharage, mboga na kahawa, waliingia katika nafasi zilizoachwa na wageni. Walijenga maghala, wakanunua malori, na baadaye wakafika hadi Asia kutafuta bidhaa. Mji ambao serikali haikuujengea karibu chochote ulikua kwa mikono ya wenyewe. Tukio lililohesabiwa kuwa giza kwa Zaire lilikuwa, kwa wengi wa Butembo, mlango uliofunguka. Ni Biharwe tena: jua moja, maana mbili.

Pete ambayo haikupewa maana

Ijumaa tarehe 15 Januari 2010, asubuhi, kulitokea kupatwa kwa namna ya pete: mwezi ulikuwa mbali na dunia, haukutosha kulifunika jua lote, ukaacha duara la moto pembeni. Njia yake ilivuka Afrika ya Kati, kaskazini-mashariki mwa Kongo, Uganda na Kenya kabla ya kuelekea bahari ya Hindi. Mahali ilipodumu zaidi, baharini, ilichukua dakika 11 na sekunde 8. Hakutakuwa na pete ndefu kuliko hiyo hadi mwaka 3043.

Kwa kanuni ya unajimu, hiyo ilipaswa kuwa ishara kubwa kuliko zote, tena ilipita karibu kabisa na nyumbani. Lakini ukihesabu ishara za Kivu ya Kaskazini, 2010 haina nafasi kama ya 2013. Hakuna vita vilivyokwisha wiki ile, wala shujaa aliyeuawa karibu yake. Pete ndefu kuliko zote za milenia ilikosa msiba wa kuibeba.

Tarehe mbili nyingine zinaonyesha jambo hilohilo. Alhamisi tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa tena kwa pete, na watu walikusanyika Rujewa, katika mkoa wa Mbeya, Tanzania, kuitazama. Beni na Butembo ziliona sehemu tu. Wiki tatu kasoro kabla ya hapo, usiku wa tarehe 13 Agosti, makumi ya raia waliuawa Rwangoma, mjini Beni. Safari hii ishara ilikuja baada ya msiba. Jumapili tarehe 21 Juni 2020, jua likiwa bado chini asubuhi, lilipatwa tena. Makanisa yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya korona. Siku nne baadaye, tarehe 25 Juni, ilitangazwa kwamba Ebola iliyoanza Mangina mwaka 2018 na kuzisumbua Beni, Katwa na Butembo imekwisha, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Safari hiyo jua lilipatwa, na habari njema ikafuata.

Kabla ya msiba, baada ya msiba, kabla ya furaha, na mara nyingine bila chochote: hayo ndiyo matokeo ya kuchunguza tarehe zote badala ya ile moja inayotufaa. Na upande wa pili wa hesabu ni mzito zaidi. Usiku wa Ngadi, Oktoba 2014, haukutanguliwa na kupatwa kwa jua mchana wake. Siku Ebola ilipotangazwa, tarehe 1 Agosti 2018, jua lilikuwa zima. M23 iliporudi mwishoni mwa 2021, na ilipoingia Kanyabayonga tarehe 28 Juni 2024, anga haikuonyesha chochote. Siku mbaya kuliko zote za watu hawa zilikuwa na mwanga wa kutosha.

Dini zilisema nini

Waumini wengi huona kwamba kukataa unajimu ni jambo la Wazungu na sayansi yao. Sivyo. Waislamu wana kisa kinachojulikana sana: Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume Muhammad, alifariki Madina, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limeomboleza. Baba aliyefiwa angeweza kuyaacha maneno hayo yaenee, kwa maana yalimpa heshima. Badala yake aliwafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kifo wala uhai wa mtu yeyote, na akawaongoza katika sala. Hadi leo Waislamu wana sala maalumu ya wakati wa kupatwa.

Kwa Wakristo, wengi wamedhani kwamba giza la siku ya kusulubiwa lilikuwa kupatwa kwa jua. Mwandishi Mkristo wa karne ya 3, Julius Africanus, alikwisha kuonyesha kwamba haiwezekani: Pasaka ya Wayahudi huangukia mwezi mpevu, na jua haliwezi kupatwa ila mwezi ukiwa mwandamo, yaani umesimama kati ya dunia na jua. Anayesadiki muujiza ule anausadiki kwa sababu nyingine, si kwa sababu ya eklipsi. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kanisa lenye waumini wengi sana katika milima hii, inakataza waziwazi kutafuta yajayo katika nyota.

Kile ambacho ishara inakificha

Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la nyota na kuwa la haki. Kama jua lilitangaza kifo cha Mamadou Ndala, basi kifo hicho kilikuwa kimeandikwa, na hakuna haja ya kuuliza aliyetoa habari za safari yake. Lakini watu wa Beni waliuliza. Mahakama ya kijeshi ilikaa Beni, ikasikiliza mashahidi, na Novemba 2014 ikatoa hukumu dhidi ya maofisa wa jeshi lenyewe, akiwemo mmoja aliyehukumiwa kifo. Wengine waliona kwamba hukumu haikufika mwisho wa ukweli. Hata hivyo ilikuwa hatua ya kutafuta mkono wa mtu, na mkono wa mtu ndio uliomuua.

Ebola ilifundisha jambo hilo kwa uchungu. Katika Butembo na Katwa maneno mengi yalizunguka: kwamba ugonjwa umeletwa, kwamba ni biashara, kwamba ni mpango wa siasa. Uamuzi wa kuahirisha uchaguzi wa Desemba 2018 Beni na Butembo uliyapa maneno hayo nguvu, na hasira ya watu haikukosa sababu. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili Daktari Richard Mouzoko, raia wa Kamerun aliyefanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa Butembo akiwa kazini. Uvumi haukuhitaji nyota, lakini ulifanya kazi kama unajimu: uliunganisha matukio mawili, ukayapa maana moja, kisha ukatafuta wa kulipa. Kama Ashuru, aliyelipa hakuwa aliyekosa.

Kuna namna nyingine ya kuangalia kivuli kilekile. Tarehe 29 Mei 1919 kupatwa kwa jua kulivuka Brazil, Atlantiki na kisiwa cha Principe, kisha kukapita Kongo ya Wabelgiji hadi Tanganyika. Pale Principe, Mwingereza Arthur Eddington alipiga picha za nyota zilizoonekana karibu na jua lililofunikwa, na vipimo vyake vikaunga mkono nadharia mpya ya Albert Einstein kwamba uzito wa jua hupinda mwanga. Kivuli hicho hakikumwambia mtu bahati yake. Kilijibu swali kwa sababu aliyeuliza alikuwa amekubali kwamba jibu lingeweza kuwa "hapana".

Tarehe iliyokwisha kujulikana

Tarehe 21 Mei 2031 jua litapatwa kwa pete katika njia itakayopita Angola, Zambia, kusini mwa Kongo na Tanzania, na Beni na Butembo zitaona sehemu yake. Shule zina muda wa kujiandaa. Kutazama jua kwa macho matupu kunaunguza sehemu ya ndani ya jicho bila maumivu, na mtu huenda asigundue hadi kesho yake. Vioo vya moshi, filamu za picha za hospitali na miwani ya kawaida ya jua havitoshi. Inahitajika miwani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Asiye nayo achukue kipande cha katoni, akitoboe kwa sindano, alipe jua mgongo na kuacha mwanga upite kwenye tundu hadi kwenye karatasi nyeupe. Ataona jua lililomegwa likiwa limejichora pale. Hata chini ya mti wa avokado, nafasi kati ya majani zitachora mamia ya majua madogo ardhini.

Siku hiyo, na siku zitakazoifuata, huenda jambo baya au jema likatokea Kivu ya Kaskazini, na atapatikana wa kusema kwamba jua lilitangaza. Dakika ya kupatwa kule imekwisha kuhesabiwa tangu leo. Nani atakuwa na bunduki siku hiyo barabarani kati ya Beni na Eringeti, nani amempa, na nani aliyepaswa kuwalinda wakulima wa Mbau na Oicha, hayo hayako katika hesabu za mwezi. Yanajibiwa na watu, na watu wana majina.